“Ni Kweli, Lakini”: Nani Aeleze Maneno ya Mahakama?

Mkulima wa Dongobesh amesimama mbele ya hakimu. Amesomewa shtaka la kumpiga mfugaji na kumjeruhi, kisha anaulizwa: ni kweli au si kweli? Anajibu: “Ni kweli nilimpiga, mheshimiwa, lakini ng’ombe wake walikuwa wanamaliza mahindi yangu, na nilipowaswaga yeye ndiye aliyetangulia kuinua fimbo.” Kalamu ya mahakama ikiishia kwenye “ni kweli nilimpiga”, mtu huyu amekiri kosa. Atatiwa hatiani bila shahidi hata mmoja kuitwa, na rufaa yake itabanwa karibu yote kwenye ukubwa wa adhabu. Kalamu ikiandika jibu lote, hajakiri. Ametoa utetezi wa kujikinga, na Jamhuri inapaswa kuleta mashahidi wake.

Mahakama za juu zililiona jambo hili zamani. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, kila kiungo cha kosa kiwekwe wazi, jibu lake liandikwe karibu iwezekanavyo na maneno yake mwenyewe, kisha asomewe maelezo ya tukio na kupewa nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Uamuzi mwingine uliochapishwa katika ripoti za sheria za Tanzania za 1988 ukaongeza kwamba maneno “ni kweli” yanaweza yasiwe kukiri kosa, mathalani pale ambapo huenda kuna utetezi wa kujikinga au wa kukasirishwa.

Swali ninalotaka lijadiliwe ni hili: mzigo wa kuelewa maneno ya mahakama ni wa nani? Ni wa mwananchi wa Mbulu au Hanang, ambaye huenda akaingia mahakamani mara moja tu maishani, au ni wa mahakama inayoyatamka maneno hayo kila siku? Sauti tano zilizomo humu nimezitunga, ndiyo maana nimeziita kwa kazi na hali zao bila majina. Kesi mbili kongwe zitakazotajwa, moja ya Hanang na moja ya Mbulu, ni za kweli na zimo katika ripoti za sheria.

MSAIDIZI WA KISHERIA: Shikamooni wazee wangu. Mimi naanza kwa kutulaumu sisi wananchi, mnisamehe. Mtu anakuja kwangu ameshika karatasi, anasema, “Dada, nimeshtakiwa.” Naichukua, naisoma: ni wito wa shahidi. Amekaa nayo ndani usingizi haumpati, mkewe ameshaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi ili wapate fedha ya wakili. Mwingine ameshika wito ambao kweli ni wa mdaiwa, ameuchomeka kwenye dari, anasema haendi kwa sababu hana kosa lolote. Hajui kwamba asipofika, mdai anaweza kuomba shauri lisikilizwe upande mmoja, na hukumu itakayotoka ni hukumu kamili. Atakuja kuijua siku dalali wa mahakama anapoingia bomani kuhesabu mifugo, maana hukumu imefika kwenye kukaziwa. Maneno machache tu yangemwokoa. Yafundishwe kwenye mikutano ya kijiji, shuleni, makanisani, msikitini na minadani.

KARANI MSTAAFU: Karatasi hiyo naijua kama kiganja changu. Juu pana jina la mahakama na namba ya shauri, chini yake mdai dhidi ya mdaiwa, kisha tarehe, saa, sahihi na mhuri. Nafasi moja iliyojazwa kwa kalamu ndiyo inayokuambia unaitwa kama nani. Sasa binti yangu, karatasi hiyo imefikaje kwa mtu wako? Imeletwa na tarishi au imepitia kwa mtendaji wa kijiji. Huyo alipomkabidhi alimwambia nini? Nilipokuwa kazini niliwaambia wapeleka wito: msimpe mkononi mkaondoka, msomeeni. Wengine walinisikia, wengine waliona ni kupoteza muda.

MZEE WA BASOTU: Mimi lugha yangu ni Kidatoga. Kiswahili nilikipata mnadani, kinanitosha kuuza ng’ombe na kumwelewa daktari wa mifugo. Kijana wa kwetu alimvunja mwenzake mkono kwenye ugomvi wa kisima. Sisi tulikaa girgwageda, baraza letu, chini ya mti, tukazungumza mpaka jua likazama. Ng’ombe wakatolewa, aliyeumia akapokea, koo mbili zikapatana. Tulipofika mahakamani kusema kwamba jambo limekwisha, tukaambiwa kesi si ya aliyeumia, ni ya Jamhuri. Nikauliza: Jamhuri nayo ilivunjwa mkono?

WAKILI: Mzee wangu, swali lako ni zito na linastahili jibu. Katika madai, wewe uliyeumizwa ndiye mwenye shauri. Unalifungua, unaweza kulimaliza kwa maelewano, na unachotafuta ni haki yako: shamba, deni, fidia. Katika jinai, mwenye kesi ni Jamhuri, na aliyeumia anakuwa shahidi wake. Sheria imefanya hivyo ili mwenye ng’ombe wengi asigeuze mifugo yake kuwa ruhusa ya kupiga watu. Leo atalipa watano, kesho atampiga mwingine alipe watano wengine. Lakini mlango wa mapatano haukufungwa. Kwa shambulio jepesi, au kosa linalowahusu watu wawili lisilo zito, mahakama inaweza kuhimiza wapatane, fidia ilipwe, kesi isimame. Mkono uliovunjika ni jeraha kubwa, hapo mlango ni mwembamba. Hata hivyo mapatano yenu yangeweza kutajwa wakati wa kufikiria adhabu.

MZEE: Haya uliyonieleza sasa hivi nimeyaelewa yote. Siku ile hakuna aliyenieleza.

Jibu hilo la Mzee ndilo kiini cha mjadala wote, nami nitalirudia kwa njia yangu kabla ya kumaliza. Kwanza niwape nafasi wengine, kwa sababu kutoeleweka kwa maneno hakumdhuru mwenye kesi peke yake. Kunaidhuru mahakama yenyewe.

KARANI: Hapo umesema. Chukua neno dhamana. Kijana anakamatwa kwa wizi wa mbuzi Jumatatu, Jumatano kijiji kinamwona anakunywa chai sokoni. Watu wanaambiana: kesi imenunuliwa. Hakuna kilichonunuliwa. Mshtakiwa bado hajatiwa hatiani, na kwa makosa mengi dhamana ni haki yake. Walikuja wadhamini wawili, wakaleta vitambulisho na barua za mtendaji, wakasaini bondi kwamba atafika kila tarehe, na asipofika wao ndio watakaobanwa kwa kiasi kilichoandikwa. Makosa yasiyo na dhamana yapo na yanajulikana: mauaji, uhaini, unyang’anyi wa kutumia silaha na mengine. Wizi wa mbuzi haumo. Wakati mwingine ndugu wa mshtakiwa wanakusanya fedha wanaziita “hela ya dhamana” na kumpa mtu wa njiani anayejifanya anamjua hakimu. Huyo anazila, halafu hakimu ambaye hajawahi hata kumwona anapakwa matope. Nimeliona hilo likitokea, na liliniuma.

WAKILI: Na “ana kesi ya kujibu”? Nikitoka nje ya mahakama ya wilaya nakuta ndugu wa mteja wangu wanalia, wamesikia ana kesi ya kujibu, wanadhani ameshafungwa. Maana yake ni kwamba mashahidi wa Jamhuri wamemaliza, na mahakama imeona ushahidi wao unahitaji majibu. Sasa zamu ni yake: atatoa ushahidi kwa kiapo au bila kiapo, ataita mashahidi wake, au atanyamaza. Hatia bado. Jamhuri bado inadaiwa kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana.

Ninyi mnaona maneno haya ni ukuta. Mimi naona ni zana, na zana haifanyi kazi ikipoteza makali. Tazameni “kuachiwa”. Mtu anaweza kuachiwa kwa dhamana, na kesi inaendelea. Anaweza kuachiwa kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka ameiambia mahakama hana nia ya kuendelea, na huyo anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Na anaweza kuachiwa huru baada ya mahakama kuona hana hatia, hapo hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo. Mambo matatu tofauti, mtaani yote wanaita “ameachiwa”. Kwenye madai ni hivyohivyo. Shauri likiondolewa kwa kasoro ya utaratibu, unarekebisha kasoro na kurudi, ilmradi muda wa kisheria haujapita. Shauri likitupiliwa mbali, umebakiwa na rufaa au maombi ya kulirejesha. Mtaani yote ni “kesi imetupwa”. Mkinitaka niache maneno ya kitaalamu niseme kama watu wasemavyo sokoni, nitamdanganya mteja wangu.

MSAIDIZI: Hakuna anayekutaka uyaache, wakili. Tunakutaka uyafungue.

MJANE WA MBULU: Naomba niseme langu, kwa sababu ninyi wote mnazungumzia watu waliojua kwamba wana kesi. Mimi sikujua. Mume wangu alipofariki kikao cha ukoo kilimpendekeza shemeji yangu kuwa msimamizi wa mirathi, mahakama ikamteua. Mimi niliposikia msimamizi, nikaelewa ni mtu wa kutuangalia mimi na watoto. Yeye aliposikia msimamizi, akaelewa amepewa. Alirudi na karatasi yenye jina lake na mhuri, akaiweka mezani, akasema, “Mahakama imeamua.” Msimu uliofuata akauza kipande cha shamba, cha kule bondeni, penye maji. Mwaka mzima sikuuliza, maana mahakama ndiyo iliyoamua. Ningembishia nani?

KARANI: Pole, mama. Pole sana. Naomba uniruhusu nieleze, ingawa nimechelewa. Msimamizi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Amepewa kazi tu: akusanye mali, alipe madeni ya marehemu, awagawie warithi. Ndani ya miezi minne tangu uteuzi anatakiwa kurudi mahakama ileile na Fomu Namba 5, inayoorodhesha mali na madeni yote, na baadaye Fomu Namba 6, ya hesabu. Ungeweza kwenda masjala, ukatoa namba ya shauri la mirathi, ukauliza kama fomu hizo zimerudi. Kama hazijarudi, au kama ameuza kinyume na haki yenu, mrithi anaweza kuiomba mahakama imwite ajieleze, na hata itengue uteuzi wake. Na hilo linafanyika Mahakama ya Mwanzo, hapohapo alipoteuliwa.

MJANE: Namba ya shauri iko kwenye ile karatasi aliyoniwekea mezani?

KARANI: Iko juu kabisa, kona ya kulia au katikati.

Nimeliacha swali la Mjane na jibu la Karani kama yalivyo. Karatasi ileile iliyotumika kumnyamazisha ndiyo iliyokuwa na namba ya kumfungulia mlango, na yeye aliitazama mwaka mzima. Sioni namna ya kusema hapa kwamba mwananchi alikuwa na uzembe. Alisikia neno, akalielewa kama linavyoeleweka katika Kiswahili cha kila siku, na hakuna mtu katika jengo lile aliyetumia dakika tano kumwambia kwamba mahakamani lina maana nyingine.

WAKILI: Nakubali mama ameumia. Lakini mnaniwekea hakimu mahali pagumu. Hakimu ni mwamuzi. Akianza kumweleza mdai namna ya kuokoa shauri lake, mdaiwa atasema anapendelea, naye atakuwa na haki ya kusema hivyo. Kazi ya kushauri ni yangu na ya wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilitungwa kwa ajili hiyo, na tangu 2023 kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imekuwa ikipita mikoani.

KARANI: Kumbuka pia kwamba kwa miaka mingi sheria haikuruhusu wakili kuingia Mahakama ya Mwanzo. Juzijuzi tu, mwaka 2021, ndipo alipofunguliwa mlango, tena pale ambapo hakimu anayeketi ni hakimu mkazi. Mahakama ile tangu sheria ya 1963 imejengwa kwa ajili ya mtu anayesimama peke yake. Kama anasimama peke yake, na hakimu asimweleze, na karani aambiwe asishauri, basi aelezwe na nani?

MZEE: Mnazungumzia karatasi na fomu. Mimi nataka kuuliza habari ya neno lililotunyima nchi. Mnaikumbuka Mulbadaw?

Hapa nachukua nafasi mwenyewe, kwa kuwa Mzee amegusa kidonda cha Hanang, nacho kinahitaji kuelezwa kwa utulivu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Canada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika nyanda za Basotu. Chini ya shirika la NAFCO mashamba yaliongezeka hadi saba, karibu ekari 100,000, kwenye ardhi ambayo Wabarbaig, yaani Wadatoga wa Hanang, waliitumia kwa malisho na makazi. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 wakalishtaki NAFCO Mahakama Kuu Arusha kwa kuvamia ardhi yao. Wakashinda. NAFCO ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu ile. Uamuzi huo umo katika ripoti za sheria za 1985.

Sababu zake zinapaswa kusomwa na kila kiongozi wa kijiji. Kwanza, mahakama ilisema eneo la utawala si umiliki. Kijiji kuandikishwa, na ardhi kuwa ndani ya mipaka yake, hakukukifanya kijiji kiwe mwenye ardhi. Kwa maelekezo yaliyokuwepo chini ya sheria ya vijiji ya 1975, ilibidi kigawiwe ardhi hiyo na Baraza la Maendeleo la Wilaya, na ushahidi wa kugawiwa haukuwepo. Pili, wanakijiji waliodai haki ya kimila walipaswa kuthibitisha kwamba wao ni “wenyeji” kwa maana ya sheria ya ardhi ya kikoloni, iliyotungwa 1923. Neno hilo katika sheria ile lilimaanisha mtu wa asili ya Kiafrika. Mahakama ikaona jambo hilo halikuthibitishwa.

MZEE: Mtu amezaliwa chini ya Mlima Hanang, baba yake amezikwa pale, babu yake amezikwa pale, makaburi yenyewe yamelimwa ngano juu yake. Halafu anaambiwa hakuthibitisha kuwa ni mwenyeji! Alitakiwa alete nini? Ngozi yake?

WAKILI: Mzee, inauma, lakini nisikilize. Mahakama ya rufaa haiwaoni watu. Inasoma kumbukumbu za shauri. Lisiloandikwa kwenye kumbukumbu halipo. Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa wadai, na miongoni mwa wale 67 walio wengi hawakutoa ushahidi kabisa. Swali moja la utangulizi kwa kila shahidi, “Wewe ni wa kabila gani, umezaliwa wapi, wazazi wako ni akina nani?”, lingeziba tundu hilo. Ndiyo maana nasema maneno ya sheria yaheshimiwe. Asiyeyaheshimu anapoteza ardhi.

MSAIDIZI: Na mimi nakujibu kwa ushahidi wako mwenyewe. Wale walikuwa na mawakili. Kesi ilikuwa Mahakama Kuu, mbele ya watu waliosoma. Kama neno “mwenyeji” lilipita katikati ya wasomi bila mtu kuuliza lina sharti gani ndani yake, unamlaumuje Mdatoga aliyeketi benchi la nyuma akisikiliza Kiingereza?

Wakili hakulijibu hilo, na nadhani halina jibu. Alichofanya ni kutukumbusha kesi ya pili, na nilifurahi kwamba aliikumbuka, maana habari ya sheria ya ardhi katika upande huu wa nchi haiishii Mulbadaw.

WAKILI: Baba na mwanawe wa Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, wakati huo ikiwa Wilaya ya Mbulu, walidai shamba lao walilolimiliki kimila katika mahakama ya hakimu mkazi Arusha. Januari 1987 wakashinda, wakarudi shambani. Rufaa ya upande wa pili ikiwa bado inangoja, Bunge likapitisha sheria namba 22 ya 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, ikakataza fidia, ikafuta mashauri yaliyokuwa mahakamani na kuzuia hukumu ambazo hazijakaziwa zisikaziwe. Wakaenda Mahakama Kuu Arusha kwa ombi la kikatiba. Jaji Munuo akawapa haki. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Nyalali, ikatamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali, inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Hiyo ndiyo kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay. Kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anaisoma. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaandika wazi kwamba haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya hati ya serikali.

MZEE: Kwa hiyo neno moja, “mali”, liliwaokoa.

WAKILI: Neno moja lililoelezwa vizuri mahakamani. Ndiyo.

MSAIDIZI: Lakini kijijini habari hii haijafika. Hata mabadiliko madogo hayafiki. Tangu 2021 Baraza la Kata haliamui tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti, nawe unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaweza kwenda hata bila cheti. Bado napokea watu wanaosema, “Mimi nilishashinda kata,” wanashangaa mwenzao amewafikisha wilayani. Wanadhani usuluhishi ni hukumu.

Nikauliza suala la lugha, kwa kuwa mwaka huohuo wa 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama zote, Kiingereza kikaachiwa mazingira maalumu. Siku ya Sheria, tarehe 1 Februari 2021 mjini Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili katika shauri lililohusu mgodi wa North Mara. Je, tatizo halikuisha pale?

KARANI: Mahakama ya Mwanzo imetumia Kiswahili miaka yote. Mama huyu wa Mbulu hakuambiwa kwa Kiingereza. Aliambiwa “msimamizi wa mirathi”.

MZEE: Na mimi Kiswahili chenyewe nakifuata kwa mbali. Mkalimani akiwepo, mara nyingi ni mtu yeyote aliyekutwa barazani anayejua Kidatoga cha salamu. Nasema maneno mengi, yeye anasema machache.

Hapo Mzee amelisema jambo ambalo nchi yetu, kwa fahari yake ya haki kabisa juu ya Kiswahili, hupenda kulipita haraka. Katika wilaya za Mbulu na Hanang kuna Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha jamii ya Kiniloti, Kihadza kule Yaeda Chini ambacho hakijulikani kuwa na undugu na lugha yoyote, na lugha za Kibantu kama Kinyaturu. Kuna wazee, na hasa kina mama wazee, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili au ya tatu. Sheria inataka mshtakiwa atafsiriwe ushahidi kwa lugha anayoielewa. Mkalimani wa kuokoteza hatimizi sharti hilo.

Sasa nitoe uamuzi wangu, kwa kuwa mjadala niliuanzisha mimi. Wakili ana haki kuhusu makali ya maneno, na Msaidizi ana haki kwamba yafundishwe mnadani na shuleni. Lakini hoja ya hakimu kuogopa kupendelea siikubali. Katika jinai sheria tayari inamtaka hakimu aeleze: akiona mshtakiwa ana kesi ya kujibu, lazima amweleze tena shtaka na haki yake ya kujitetea na kuita mashahidi. Hakuna anayeita huo upendeleo. Kueleza mbele ya pande zote mbili, kwa sauti moja, kwamba msimamizi si mrithi, kwamba shauri lililoondolewa linaweza kuletwa tena, kwamba anayetaka rufaa aende mahakama fulani kabla ya tarehe fulani, kunawafaa wote wawili sawasawa. Anayelitamka neno ndiye anayelijua, na ndiye mwenye wajibu wa kulieleza kabla mtu hajatoka mlangoni. Mwananchi hawezi kuuliza juu ya neno analoamini ameshalielewa.

Nawaomba mahakimu wa Mbulu, wa Katesh na wa Haydom, na wenyeviti wa mabaraza ya ardhi, wasiishie kwenye “haki ya rufaa imeelezwa”, sentensi inayoandikwa chini ya hukumu nyingi. Waitaje siku yenyewe kwa tarehe na mahakama yenyewe kwa jina, mkalimani wa kweli akiwepo.

Na wewe msomaji ambaye una shauri sasa hivi: kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya una siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, ambayo sasa ina masjala yake Babati, una siku 45. Katika jinai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya, toa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe uiwasilishe ndani ya siku 45. Zile siku 30 za Mahakama ya Mwanzo zinaanza kuhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi, na rufaa yake haihitaji kuambatanishwa nakala ya hukumu ili ipokelewe. Usikae nyumbani kungoja nakala.